Springi za chuma chini ya jenereta ya kVA 100: uzoefu wangu wa mwaka mmoja na nusu

Hii ni seti ya springi 6 za kufunga chini ya fremu ya jenereta ili mtetemo wake usiingie kwenye jengo. Kila moja ina kitako cha raba na bolti ya kupandisha na kushusha. Nimezifunga juu ya paa la zege la jengo la ghorofa nne; jenereta ina kilo 1,200 pamoja na oili na maji. Nazipa nyota nne, na iliyopungua ni ya muuzaji, si ya springi.

Kabla yake palikuwa na vipande vya raba ngumu vilivyobonyea milimita 1 tu. Wengi hukosea hapo: kinachozuia mtetemo ni kiasi cha kubonyea, si unene wa raba. Injini ya mizunguko 1,500 kwa dakika hutetema mara 25 kwa sekunde. Raba iliyobonyea milimita 1 ina mtetemo wake wa asili, yaani kasi inayochezea yenyewe ikisukumwa na kuachwa, wa karibu mara 16 kwa sekunde, kwa hiyo theluthi mbili ya nguvu hupenya hadi kwenye zege. Ikibonyea nusu milimita ni hatari zaidi, maana inaikaribia ile 25 na kuukuza mtetemo. Springi iliyoshuka milimita 23 ina mara 3.3 hivi, na kwa hesabu kinachopita hakifiki asilimia 2, mradi umeziweka juu ya boriti au karibu na nguzo, si katikati ya slabu inayonesa. Wakati wa raba, kikombe cha maji kikiwekwa sakafuni ghorofa ya chini yake kilikuwa na viduara visivyokoma. Sasa maji yametulia. Lifti inapoanza kuvuta na mzigo kuingia ghafla, hutikisika mara moja tu.

Kasoro ilikuwa hii: zote 6 zililetwa za rangi moja, yaani ugumu mmoja, kilo 10 kwa kila milimita ya kubonyea. Uzito wa jenereta haugawanyiki sawa. Upande wa injini kila springi ilibeba kilo 230, katikati 210, upande wa alteneta (sehemu inayozalisha umeme) 160, fremu ikainama milimita 7. Bolti husawazisha kwa pima maji, lakini haziongezi kubonyea. Nilibadilisha zile 2 za alteneta nikaweka za kilo 7 kwa milimita, zikashuka 23 kama zile za injini. Mpe muuzaji uzito wa kila pembe kabla ya kulipa; asiyeuliza yeye kwanza hajui anachouza.

Bomba la ekzosi likibaki limefungwa moja kwa moja ukutani, umetupa pesa: mtetemo utapita huko. Weka kiungo chenye mikunjo, mpira wa mafuta badala ya bomba la shaba, na nyaya ziache kitanzi.

Injini ikizimwa, fremu huyumba sekunde mbili tatu kasi ya injini inaposhuka na kupita ile mara 3.3. Ni kawaida, lakini vizuizi vya pembeni ni lazima, nafasi milimita 5, visiguse jenereta ikifanya kazi. Tetemeko la Kagera la 10 Septemba 2016 lilikuwa la ukubwa wa 5.9, katika mtikisiko kama huo springi bila vizuizi huangusha mashine.

Kila sevisi safisha chini ya fremu. Kokoto moja iliyobanwa pale huirudisha kelele yote, na dizeli ikimwagikia kitako cha raba, kifute siku hiyohiyo.