Nimeirudia The Apartment kwa diski ya 4K, na geto la Baxter sasa naliona mpaka kwenye pembe

Mara ya kwanza niliiona The Apartment kwa DVD ya kuazima, kwenye TV ya chogo, nikiwa nimepanga chumba Sinza. Enzi hizo nilikuwa na geto, na mwenye geto anajua adha ya washkaji kuomba funguo. Ndiyo maana filamu hii ya New York, ya mwaka 1960, iliniingia mapema tu. C.C. Baxter ni karani wa kampuni ya bima. Analipwa dola 94.70 kwa wiki, kodi yake ni dola 85 kwa mwezi, na mabosi wanne wanalitumia geto lake kwa zamu kupeleka michepuko. Yeye anasubiri nje kwenye baridi, mafua yanambana, huku wakimpa ahadi za cheo.

Juzi binamu yangu amerudi kutoka Marekani na diski ya 4K niliyomwagiza, ile yenye picha kali kuliko DVD na Blu-ray. Mashine ya kuichezea sina, nimetumia PlayStation 5 ya mpwa wangu, ile inayoingia diski. Wanaoagiza nje waangalie kitu kimoja: Blu-ray za kawaida zimegawanywa kwa kanda za dunia, Marekani ni A na Afrika ni B, hivyo ya kule inaweza kugoma kwenye mashine ya huku. Za 4K hazina kufuli hilo. Pia PS5 haichezi Dolby Vision ya kwenye diski, mfumo wa kupanga mwanga na giza la picha, inaishia HDR10, mfumo mwepesi zaidi wa kazi hiyo hiyo. Mimi sikuona pengo.

Picha sasa. Ni nyeusi na nyeupe, na ni pana hasa, kwa hiyo TV inabaki na mapande meusi juu na chini. Usianze kuhangaika na rimoti. Ile ofisi ya ghorofa ya 19, kwenye chogo langu ilikuwa ukungu wa kijivu wenye madoa. Safari hii naona meza, meza, meza, na taa za dari zikienda nazo mpaka macho yanachoka. Alexandre Trauner, aliyebuni mandhari, aliwachezea watu akili: meza za nyuma zilitengenezwa ndogo zikakaliwa na watu wafupi, na za mwisho kabisa wakawekwa watoto waliovalishwa kikubwa. Kwa kuwa nalijua hilo, nilisimamisha picha mara tatu nikimsaka mtoto hata mmoja. Sikumpata. Nilidhani ukali wa picha ungeumbua ujanja, kumbe ndio umeufanya ukumbi uzidi kuwa mrefu, na Baxter azidi kuwa mdogo ndani yake. Kazi hiyo ilipata Oscar, moja kati ya tano ilizochukua filamu hii, ikiwemo ya filamu bora.

Kilichonipata zaidi ni kioo. Baxter amepanda cheo, amenunua kofia, anataka maoni ya Fran Kubelik, yule dada mwendesha lifti anayempenda kimyakimya. Fran anampa kikopo chake cha poda ajitazame. Kioo kina ufa, na Baxter alishakiona kioo hicho: alikiokota kwake, akamrudishia Sheldrake, mkuu wa utumishi, akijua ni cha mchepuko wake. Zamani niliambulia kuelewa kwa uso wa Jack Lemmon, anayecheza Baxter, tu, nikakisia mengine. Sasa ufa wenyewe unapita katikati ya sura yake, na mwongozaji Billy Wilder hana haja ya kumpa neno la kueleza. Niliirudia sehemu hiyo hapo hapo.

Chenga za filamu, zile punje ndogo ndogo za picha, hazijafutwa, na nawashukuru. Kuna matoleo ya filamu za zamani yaliyosafishwa mpaka waigizaji wanakuwa kama wa nta. Hapa shavu la Shirley MacLaine, anayecheza Fran, ni shavu. Sauti niliisikiliza kwa mono, ile ya mkondo mmoja, na maneno yanasikika vizuri. Maandishi ya Kiswahili hamna, na mazungumzo yanakwenda mbio. Mke wangu ilibidi nimtafsirie baadhi ya utani, na utani ukitafsiriwa unapoa.

Halafu aliniuliza, hivi hii mnaiita vichekesho? Nilikosa jibu la haraka. Kuna dada anameza vidonge vya usingizi usiku wa kuamkia Krismasi, basi watoto walale kwanza. Lakini mke wangu huyo huyo alicheka mpaka akashika mbavu Baxter alipochuja tambi kwa raketi ya tenisi, na mwishoni, jamaa anafungasha vitu vyake, ni yeye aliyenigusa bega: "Ona, tambi moja imebaki kwenye raketi." Kwenye DVD sikuwahi kuiona.

Kwa TV ya inchi 32 na DVD ambayo bado inacheza, sikushauri uhangaike. Dakika 125 zitakwenda vizuri tu. Mwenye inchi 55 kwenda juu aichukue. Na akiifungua, asiruke ile sehemu Sheldrake anapoomba ufunguo wa geto akapewa ufunguo wa choo cha wakubwa. Nimeshaitazama mara nne.