Kuwaomba watu wasisafiri au kuwapimia petroli kwa mgao, ipi ilikuwa na nguvu?

Vita Kuu ya Pili walijaribu zote mbili. Ya kuomba kwanza, Uingereza walibandika mabango yanamuuliza abiria wa treni, hivi safari yako ni ya lazima kweli? Marekani wakaja na kali zaidi, bango la 1943 jamaa anaendesha peke yake na kiti cha pembeni kachorwa Hitler, yaani ukiwa mwenyewe kwenye gari umempa lifti adui. Ila shida ya bango ni moja, kila mtu safari yake ndo ya lazima, za wenzake ndo za starehe.

Mgao sasa hauulizi. Uingereza ulianza Septemba 1939, ilipofika 1942 wakafuta kabisa ile petroli ya kawaida ya magari binafsi, kama huna sababu maalum gari unapaki. Marekani nchi nzima ilikuwa Desemba 1942, unabandika stika yenye herufi ya kundi lako kwenye kioo cha gari, wenye A wanapata kiduchu, daktari ana C yake inayompa zaidi, na spidi mwisho maili 35 kwa saa. Na cha ajabu walichokuwa wanaokoa hasa ni matairi, maana Japani ilishateka Malaya (sehemu ya Malaysia ya leo) kulikokuwa kunatoka mpira mwingi, sasa njia rahisi ya kumzuia mtu asimalize tairi ni kumnyima petroli. Magendo yalikuwepo, kuponi feki pia.

Mimi nachagua mgao, maana kwenye bango anayeumia ni yule muungwana anayesikia, mbishi anaendelea kuzurura zake.