Kobe wetu na mlio wa asubuhi: gereji mbili, majibu mawili

Gari lenyewe ni Toyota Hiace ya 2001 yenye injini ya 5L, dizeli ya lita tatu isiyo na tabo. Ni ndugu wa vipanya vilivyobeba watu wa Dar miaka yote ile. Tulilinunua likiwa limechoka kubeba mizigo ya dukani, tukang'oa viti vya nyuma, tukaweka kitanda cha mbao, jiko la gesi la mafiga mawili, pipa la maji, friji ndogo ya volti 12 na sola juu ya paa. Watoto wakalipa jina: Kobe, kwa kuwa anatembea na nyumba yake mgongoni. Mlima Kitonga nao anaupanda kwa mwendo huohuo wa jina lake.

Mlio ulianza asubuhi moja tukiwa tumelala kambini karibu na Mikumi. Nikawasha gari, nikasikia chini ya kiti, ko-ko-ko, na nyuma yake kama mtu anasaga kokoto taratibu. Wanaozijua hizi Hiace wanaelewa kwamba injini iko chini ya viti vya mbele. Dereva na abiria wake wameikalia. Kwa hiyo mlio hausikilizwi kwa masikio tu, unapanda na mgongoni.

Mtu wa kwanza kushukiwa alikuwa sufuria. Gari la kulala lina makelele yake: vifuniko, vijiko, mtungi wa gesi ukilegea kwenye mkanda wake. Baba watoto akashusha vyombo vyote chini ya mgunga, tukawasha tena. Ko-ko-ko. Tukarudi Dar kwa spidi ya sitini, mimi nimekunja miguu kama nimekalia bomu. Tulipofika Chalinze mlio ulikuwa umefifia, na hilo ndilo lililotuchanganya zaidi.

Gereji ya kwanza sitaitaja. Ni nzuri kwa macho: vigae sakafuni, kahawa mapokezi, vijana wamevaa ovaroli zinazofanana. Kijana mmoja alikuja na kompyuta ya kupimia, akazunguka chini ya dashibodi akitafuta pa kuichomeka. Jamani, pampu ya hii injini ni ya kizamani, inaendeshwa kwa vyuma, haina la maana la kuiambia kompyuta. Nilinyamaza, maana mwanamke akisema jambo gereji anaonekana kama ametumwa na mumewe.

Baada ya robo saa mkubwa wao akaja, akapiga resi mara mbili, akatikisa kichwa. "Dada yangu, hizo ni beringi za konrodi. Hapo ni kushusha injini tu. Ukichelewa, konrodi inatoboa bloku." Konrodi ni ule mkono wa chuma unaounganisha pistoni na shafti kubwa ya injini, na bloku ndio mwili wa injini yenyewe. Shilingi 2,800,000, wiki tatu, na nusu nilipe siku hiyo. Nikauliza kama wamepima presha ya oili. Hapana. Wamemwaga oili kuangalia kama ina vumbi la chuma? Hapana. Nikamwambia mbona hata sasa hivi haligongi vile lilivyogonga porini. Akanijibu kwa upole kabisa: "Huwa zinajificha hizo." Nikalipa 50,000 ya kuangaliwa, nikaondoka na karatasi yenye nembo nzuri.

Wiki moja nzima sikulala vizuri. Baba watoto alishaanza kuhesabu nani wa kumkopa.

Fundi wa pili nilielekezwa na muuza spea wa Ilala, upande wa Shauri Moyo, nilipokwenda kuulizia bei za beringi za konrodi. Aliniangalia akasema, kabla hujanunua hizi, mwone mzee yule pale chini ya mkungu. Mzee hana kibao wala vigae. Ana benchi la mbao, madumu ya oili chafu, na vijana wawili. Jina lake siandiki, mwenyewe kaomba asitangazwe kwani foleni aliyo nayo inamtosha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Gari ina nini?"

"Inagonga."

"Lini?"

Nikaanza kumweleza unavyolia. Akanikatiza. "Mlio nitausikia mwenyewe. Mimi nimekuuliza lini."

Hapo ndipo nilipojua nimefika kwa mtu. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa akaniuliza maswali karibu nusu saa, hata boneti hajaligusa. Likiwa baridi au likishachemka? Mlimani au tambarare? Jana yake mlilala wapi? Nyumbani linagonga? Nikasema kidogo sana. Na mkitoka porini? Asubuhi linagonga hasa, kama saa nzima, halafu linatulia lenyewe. Akauliza tena, huko porini mnahifadhi vipi nyama. Nikacheka, nikamwambia friji. Yeye hakucheka.

Akaniambia konrodi iliyokwisha haina tabia hiyo. Injini ikichemka na oili ikawa nyepesi, konrodi ndiyo inazidi kupiga, na ukiibebesha mlima inapiga zaidi. Haianzi na kelele asubuhi ikaja kupoa barabarani. Kisha akanipa kazi ambayo sikuwahi kupewa na fundi yeyote: "Nendeni mkalale nayo. Friji iwake usiku kucha, sola ifunikeni na turubai. Asubuhi mniletee, msizime njiani."

Tukalala Kigamboni, ufukweni. Saa kumi na mbili asubuhi nikawasha: ko-ko-ko, tena kwa hasira. Tukavuka daraja la Nyerere tukiwa kimya, tukalipa tozo, tukaingia Ilala kabla foleni haijakaza. Mzee alisikia tukiwa bado tunakunja kona. Akanyoosha mkono tu: egesha hapo, usizime.

Kiti cha abiria kikanyanyuliwa, zulia likakunjwa, mfuniko wa injini ukafunguliwa. Akachukua bisibisi ndefu, mpini akauweka sikioni, ncha akaigusisha juu ya mfuniko wa valvu. Akasikiliza. Akahamia kwenye pampu ya dizeli, ubavu wa bloku juu, ubavu wa bloku chini. Kila mahali anakaa kama daktari na kifua cha mtoto. Mwishowe akagusa altaneta, ile jenereta ndogo inayozungushwa na mkanda wa injini ili kuchaji betri, akanipa bisibisi. "Sikiliza mwenyewe." Kwenye bloku nilisikia mapigo ya kawaida ya dizeli, kavu, yanafuatana. Kwenye altaneta nilitaka kuitupa ile bisibisi: kama kikombe cha bati chenye misumari kinazungushwa ndani ya fuvu langu.

Sasa mtu mwingine angeishia hapo. Mzee akasema sikio ni shahidi mmoja. Akachukua spana namba 17, akafunika kwa kitambaa, akalegeza nati ya bomba la nozeli ya kwanza. Injini ikayumba kwa kuwa silinda moja imenyimwa dizeli, lakini ko-ko-ko ikabaki palepale. Akaikaza, akahamia ya pili, ya tatu, ya nne. Hakuna iliyobadilisha kitu. Ingekuwa konrodi, alisema, ukiizimia moto silinda yake mlio ungepungua au kubadilika. Naomba msijaribu hili nyumbani, ile dizeli inaruka kwa presha kali na inapenya ngozi.

Kisha akauliza swichi ya betri ya pili, ile ya friji, iko wapi. Nikamwonyesha, nyuma ya kiti. Akaizima. Mlio ukashuka palepale, kama mtu kafunga mlango. Akaiwasha, ukarudi. Akazima, akawasha, mara tatu, akimwangalia baba watoto usoni.

Jaribio la mwisho lilikuwa kutoa mikanda ya feni na kuwasha injini kwa muda usiofika dakika moja. Sababu ya kuharakisha ni kwamba bila mikanda pampu ya maji haizunguki. Injini ikaunguruma safi, kelele za dizeli tupu. Shilingi 2,800,000 zilikuwa zimelala kwenye mkanda wa mpira.

Altaneta iliposhushwa, alinishika mkono akaniambia niizungushe puli. Ilikwaruza, ina mchanga ndani. Ukiishika na kuitikisa, shafti inacheza. Ilipofunguliwa, sumaku ya katikati ilikuwa na alama ya kung'aa upande mmoja: ilikuwa inalamba ukuta wake. Nyuma kulikuwa na oili, kwani kwenye hizi injini za L pampu ya vakyumu imefungwa mgongoni mwa altaneta na inalainishwa na oili ya injini. Sili ilishaanza kuvuja. Pampu hiyo ndiyo inayokusaidia kukanyaga breki. Hapo nikakumbuka kwamba breki zilikuwa ngumu kidogo siku za karibuni, mimi nikadhani ni viatu.

Sasa chanzo. Miezi mitatu nyuma baba watoto alitoa betri ya zamani ya friji, ile ya maji, akaweka ya lithiamu ya Ah 200, yaani ampia-saa, kipimo cha umeme inaohifadhi. Betri nzuri, sikatai. Lakini lithiamu ikiwa imekwisha inavuta chaji yote inayopatikana bila aibu, na sisi tuliiunganisha na altaneta kwa swichi ya kawaida tu. Kibao cha altaneta kimeandikwa 70A, yaani ampia 70, ndio mwisho wa umeme inaoweza kutoa. Kila asubuhi ya porini ilikuwa inafanya kazi kwa nguvu zake zote kwa saa nzima, mpaka betri ishibe. Ndiyo maana mlio ulikuwa unatulia barabarani! Nyumbani tunachaji kwa umeme wa ukutani, altaneta haina kazi, mlio unajificha. Kujificha kulikuwepo kweli, ila siyo kwa konrodi.

Mzee alilieleza kwa namna yake. "Altaneta hii ilikuwa na mke mmoja, betri ya injini. Ninyi mmeiongezea nyumba ndogo, tena inayokula kuliko mke mkubwa." Vijana wake walicheka mpaka mmoja akaangusha spana. Baba watoto akaenda kununua maji.

Haikuishia hapo. Mzigo ulipozidi, mikanda ilianza kuteleza na kupiga kelele, na fundi wa barabarani aliyetusaidia siku moja aliikaza kwa mtaimbo mpaka ikawa kama waya wa gitaa. Kelele ya mkanda ikaisha, lakini mkanda uliokazwa kupita kiasi unavuta beringi upande mmoja usiku na mchana. Beringi ikafa. Tulikuwa tumenunua kimya cha wiki mbili.

Gharama: beringi mbili, sili, makaboni na mikanda miwili mipya zilikuja 135,000, ufundi 80,000. Jumla 215,000. Spea nilinunua mwenyewe kwa kuandamana na kijana wake, na hapo nashauri mtu asiwe mvivu. Duka la kwanza walitutolea beringi kwenye boksi la Japani, kijana akaizungusha kidoleni mara moja akairudisha juu ya kaunta bila kusema neno.

Kasoro zipo, tusidanganyane. Aliahidi Alhamisi, gari nikalipata Jumamosi jioni. Mto wa kiti changu umerudi na alama ya kiganja cha grisi ambayo hata sabuni ya mche imeshindwa. Risiti ya EFD hana, niliandikiwa kwenye ukurasa wa daftari. Gereji ile ya vigae ingenipa risiti safi kabisa ya kushusha injini isiyo na ugonjwa, lakini anayehitaji risiti kwa ajili ya ofisi ajue hilo mapema. Na ukienda bila subira utagombana naye, maana simu yake hapokei na foleni haruki hata ukija na prado.

Kuhusu betri, alitukataza kuunganisha moja kwa moja tena. Tumepata chaja ya kati inayopokea umeme wa altaneta na kuupeleka kwa betri ya pili kwa kipimo, yetu ni ya 20A. Betri ya friji inachelewa kushiba, ndiyo, lakini sola inamalizia. Chaja hiyo ilikula pesa kuliko matengenezo yote, na baba watoto ndiye aliyelipa, bila maneno mengi.

Tangu hapo tumeshalala nje mara nne, mara moja hadi Lushoto. Asubuhi nawasha nikiwa nimeshika pumzi, nasikia dizeli tu. Ila mzee alinionya jambo moja wakati anafunga kiti: mikanda ile iliyokazwa kwa mtaimbo ilikuwa inavuta pampu ya maji pia, na nayo ina beringi yake. Akaniambia kila ninapopima oili niingize tochi, niangalie chini ya puli ya pampu kama kuna tone la maji mekundu ya rejeta. Naangalia. Mpaka jana ni pakavu.