Gramafoni mbili za mirathi na mtathmini wa picha: uzoefu wangu

Marehemu baba alituachia gramafoni mbili na kasha la santuri, na kwenye mirathi kila kitu lazima kiwe na bei. Ndugu zangu wote waliitaka ile yenye pembe kubwa ya shaba na picha ya mbwa, kwa vile inang'aa na hapa Mji Mkongwe watalii huipenda. Ile ya pili, sanduku jeusi la kubeba mkononi, hakuna aliyeiulizia. Nikalipia huduma moja ya mtandaoni iliyoko Uingereza, inayotambua na kukadiria mashine hizi kwa picha. Ada ni pauni 20 kwa mashine.

Fomu yao ni ndefu, ila aliyeiandika anaijua kazi. Kwanza wanauliza kama mashine yako ni ya silinda, kama fonografu ya Edison ya 1877, au ya sahani. Wanatahadharisha pia kwamba miaka iliyochapwa kwenye kibao cha Edison ni ya hataza, si mwaka wa kutengenezwa. Halafu wanataka picha: kichwa cha sauti (kile kinachoshika sindano) mbele na nyuma, kiwiko cha pembe, tundu la hendeli, na mota kwa upande wa chini. Hii ya mwisho ilinitoa jasho, kwani lazima ubao wa juu ufunguliwe. Walinikumbusha niiache springi iishe nguvu yote kabla ya kugusa skrubu, na nawashukuru kwa hilo.

Majibu yalipokuja, nyumbani palinuna. Yenye pembe ni mpya, ya aina inayoungwaungwa India kwa ajili ya maduka ya vitu vya kale. Walieleza sababu zao kwa mishale juu ya picha zangu mwenyewe: shaba ya pembe ni nyembamba mno, kiwiko kimeungwa ovyo, nembo ya mbwa ni kubwa kupita kiasi, na mota imetolewa kwenye gramafoni nyingine ya kubeba. Thamani yake ni ya pambo la sebuleni tu.

Sanduku jeusi ndilo lenye asili. Ni HMV 102, ya kampuni ya His Master's Voice yenye nembo ya mbwa, toleo lililoingia sokoni 1931 na kuendelea kutengenezwa hadi miaka ya 1950. Kichwa chake cha sauti ni namba 5B, na ina breki inayoisimamisha mashine yenyewe santuri ikiisha. Wakakadiria pauni 100 hadi 150 ikiwa inapiga vizuri. Ingekuwa nyekundu au ya kijani, wakasema, bei ingepanda, kwani nyeusi ndizo zilizotengenezwa kwa wingi.

Kwa utambuzi nawapa alama zote. Kwa bei, sivyo. Hiyo ni bei ya mnunuzi wa Uingereza anayekuja na gari kuichukua. Mimi niko Unguja: kuna kufunga mzigo, kuna usafiri, na kuna fundi, maana mpira wa kichwa cha sauti umekauka na grisi ya springi imeganda kama lami. Walitaja mpira tu. Kutu ya chumvi kwenye nikeli, ambayo kwetu ni jambo la kwanza kuangaliwa, hawakuigusa.

Walipokosea zaidi ni kwenye santuri. Nilituma picha za lebo bila kuombwa, wakajibu kwa mstari mmoja kwamba santuri za kawaida za 78 (za mizunguko 78 kwa dakika) hazina soko. Za kawaida! Mle kasha limo taarabu ya Siti binti Saad, aliyesafiri hadi Bombay 1928 kurekodi kwa kampuni hiyohiyo yenye nembo ya mbwa. Anayepima santuri zote kwa opera na muziki wa dansi wa London ataziona takataka. Mkusanyaji wa muziki wa pwani hawezi kusema hivyo, hata sahani ikiwa na mikwaruzo.

Kwa mashine ningewatumia tena, hasa mtu akitaka kununua gramafoni ya pembe ya shaba dukani. Piga picha mchana, na usiisugue kwanza. Wanataka kuona uchafu ulivyokaa.

Sanduku jeusi limeingia kwenye hesabu ya mirathi kwa bei ya chini ya makadirio, baada ya kutoa gharama ya fundi. Santuri tumeziweka kando hadi apatikane mtu anayeijua taarabu wa kuzithamini.