Nilivyotolewa gamba la kovu lililokuwa limebana silikoni ya titi: uzoefu wangu hapa Mwanza

Dada zangu wenye silikoni kifuani, hasa mliowekewa baada ya kuondolewa titi kwa saratani kama mimi, upasuaji huu umenirudishia usingizi na mkono wangu wa kushoto. Naupendekeza. Ila kabla hujasaini fomu, daktari akueleze kifua chako kitabaki na sura gani. Wangu alinieleza bila kunipaka mafuta, na hilo ndilo ninalomsifia kuliko yote.

Nilitolewa titi, nikapigwa mionzi, kisha nikawekewa silikoni huko India. Miaka ya mwanzo sikuwa na shida. Mwili wa kila mtu huzungushia silikoni utando wa kovu, ndilo hilo gamba ninalolisema, na kwa wengi utando huo hubaki mwembamba na laini. Kwa baadhi yetu unanenepa na kukaza, unaiminya silikoni mpaka titi linapanda juu na kuwa gumu. Aliyepigwa mionzi yuko kwenye hatari zaidi. Madaktari hutumia viwango vya Baker: cha kwanza titi ni laini, cha nne ni gumu, limeharibika umbo na linauma. Mimi nilikutwa na cha nne.

Nauza dagaa kwa jumla soko la Mwaloni, Kirumba, na kazi ile inataka mikono miwili. Ilifika mahali nashindwa kuinua mkono kufunga kilemba, achilia mbali kushika pembe ya gunia. Usiku sikuweza kulalia kushoto. Wapo walioniambia saratani imerudi, na mama mmoja alinisisitiza nikachuliwe. Gamba lililokwisha kukaza halilainiki kwa kuchuliwa, jamani. Unaongeza maumivu tu.

Daktari bingwa wa upasuaji rekebishi niliyempata, katika hospitali binafsi hapa jijini, kitu cha kwanza aliniomba ile kadi ya silikoni. Itunzeni kadi hiyo kama cheti cha kuzaliwa. Inaonyesha kampuni, aina na namba. Julai 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliitaka kampuni ya Allergan iondoe sokoni silikoni zake za BIOCELL zenye uso wa kukwaruza, kwa sababu zilihusishwa na limfoma, saratani ya kinga ya mwili inayoota kwenye gamba au kwenye maji yanayolizunguka. Yangu ilikuwa ya uso laini. Hata hivyo daktari alisema kila gamba analotoa analipeleka maabara, maana mwaka 2022 FDA ilitoa tahadhari kuhusu saratani nyingine zilizoonekana humo, ingawa ni nadra. Aliniuliza pia kama titi liliwahi kuvimba ghafla, kwa kuwa maji yanayojaa miaka kadhaa baada ya kuwekewa ni dalili kubwa ya limfoma hiyo.

Altrasaundi haikutosha, nikapigwa MRI, kipimo cha picha za ndani ya mwili kwa sumaku. Ikaonekana silikoni imepasuka, lakini ute wake umezuiwa ndani ya gamba. Nikamuuliza kama atatoa vyote kwa mkupuo bila kulifungua gamba, maana wanawake wengi wanaidai njia hiyo. Akanijibu kwamba njia hiyo ni ya lazima pale penye limfoma. Kwangu ingehitaji mkato mrefu zaidi bila faida ya maana. Angetoa gamba lote analoweza kulitoa kwa usalama, na likiwa limeganda kwenye mbavu angeacha kipande, kwa sababu kulikwangua pale kunaweza kutoboa utando wa pafu. Ndivyo ilivyokuwa.

Kisha tukaja kwenye sura. Kuweka silikoni nyingine kwenye ngozi iliyopigwa mionzi, uwezekano wa kukaza tena ni mkubwa. Kuhamisha nyama ya mgongoni kungenipa kovu la pili na kuniweka nje ya biashara muda mrefu. Nikachagua kifua bapa. Alinichorea kwa kalamu mbele ya kioo, akanionyesha mahali patakapobonyea chini ya kwapa. Nililia pale pale. Hakuniharakisha.

Nilipewa nusu kaputi. Niliamka na mrija wa kutoa damu na maji, na muuguzi akamfundisha mdogo wangu kumwaga chupa na kuandika mililita kila siku. Nilikwenda kuuguzwa kwa mama Sengerema. Safari za kliniki sikuziogopa, maana daraja la Kigongo–Busisi, la kuvukia ziwa kati ya Mwanza na Sengerema, lilikuwa limeshafunguliwa, Juni 2025. Nikifikiria kupanga foleni ya kivuko juani na chupa imening'inia kiunoni, nashukuru sana.

Kuna mawili yaliyoniudhi. Gharama ya maabara haikuwemo kwenye makadirio ya kwanza, na kwa mtu ambaye bima imemkatalia hilo ni pigo. Na chumba cha kubadilishia bandeji kina pazia fupi, watu wanapita. Mwanamke aliyeondolewa titi anastahili mlango unaofungwa. Niliwaambia ana kwa ana, na hapa narudia.

Majibu ya maabara hayakuonyesha saratani. Sasa naufikisha mkono kichwani, nalala nitakavyo. Ngozi ya kifua bado ina ganzi, na panapobonyea panaonekana nikivaa blauzi nyembamba. Kanisani navaa titi la kuvalia ndani ya sidiria. Mwaloni siku nyingine silivai kabisa, joto lile halivumiliki, na wateja wangu wameshazoea. Magunia bado wananibebea vijana hadi daktari aniruhusu, na titi la kulia naendelea kulipima kwa mamografia kama kawaida.