Ofisi ndogo Lamu: ununue nini cha kuwekea mafaili ya pamoja?

“Ami, seva imekufa,” karani wa ofisi moja ya utalii karibu na Mkunguni alinipokea mlangoni. Meneja wake alikuwa ameshapiga simu Mombasa kuulizia bei ya mpya. Nikapanda ghorofani, nikaikuta seva, ile mashine inayotunza mafaili ya wote, iko nzima, taa zake za kijani zinapepesa. Usiku stima ilikatika, na iliporudi rauta ikagawa upya anwani, yaani nambari ya kila mashine kwenye mtandao wa ofisi. Seva iliyokuwa 192.168.1.10 ikapewa 192.168.1.23, huku kompyuta zote nne zikiendelea kubisha hodi nyumba ya zamani. Nikaingia kwenye rauta, nikaifungia seva anwani yake isibadilike tena, nikamaliza kahawa, nikaenda zangu.

Kwa hiyo usitoe pesa kabla ya kujaribu haya. Fungua dirisha la mafaili, uandike mikwaju miwili ya kinyume (\\) na anwani ya seva badala ya jina lake. Ikifunguka kwa nambari na kwa jina ikakataa, mashine haina neno, ni majina tu yamepotea njia. Kompyuta moja ikishindwa na nyingine zinafungua, tibu hiyo moja. Zikishindwa zote, fuata kebo kwa mkono mpaka mwisho wake; mara nyingi utakuta ufagio umepita hapo.

Ukishahakikisha kwamba ni kununua kweli, mpangilio wangu kwa ofisi ya watu watatu hadi kumi ni huu.

Ya kwanza: NAS ya diski mbili. Ni boksi dogo, kazi yake ni kutunza mafaili tu, linakula stima kidogo na halihitaji skrini wala kibodi. Synology na QNAP wote wanayo ya kiwango hiki. Angalia bei kwa makini, kwani mengi huuzwa matupu na diski ni gharama nyingine. Chukua diski mbili zinazolingana uzipange moja iwe kioo cha nyingine, ili ikifa moja kazi iendelee. Muulize muuzaji kama diski ni CMR au SMR, njia mbili za diski kuandika data. Mwaka 2020 kulizuka zogo kubwa duniani pale wanunuzi walipogundua kwamba baadhi ya diski zilizouzwa kwa ajili ya NAS zilikuwa SMR, ambazo hulemewa sana wakati wa kujenga upya kioo kilichovunjika. Wewe taka CMR.

Kioo, hata hivyo, si nakala ya akiba. Karani akifuta folda ya mishahara, inafutika pande zote mbili kwa mpigo mmoja. Nunua na diski ya nje ya USB, nakili kila Alhamisi jioni, kisha aondoke nayo mtu mmoja anayeaminika.

NAS hizi zina malalamiko yake siku hizi: “Jana ilifunguka, leo inanikatalia.” Windows 11 toleo la 24H2 limekaza masharti, halipendi tena folda inayofunguliwa kama mgeni bila nywila. Mafundi wengine hulegeza ulinzi wa Windows ili mteja anyamaze. Usikubali. Mwambie fundi afungue akaunti ndani ya NAS, kila mfanyakazi na jina lake na nywila yake, na mlango utafunguka.

Ya pili: kompyuta ya mezani ya ex-UK, yaani iliyokwisha tumika Uingereza. Bei nafuu, na vipuri vyake vinapatikana. Windows ya kawaida huruhusu vifaa 20 kuunganishwa kwa wakati mmoja, idadi ambayo ofisi ndogo haifiki. Zima usingizi wake, la sivyo kila mchana watu wakienda kula utasikia seva imepotea. Pia hakikisha inakubali Windows 11, maana Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Sharti langu ni moja: asikae mtu akaifanyia kazi. Seva inayochezewa filamu si seva.

Ya tatu: hifadhi ya mtandaoni. Google hukupa gigabaiti 15 bure, lakini barua pepe na picha zako zinakula humo humo. Kwa hati nyepesi na kwa mtu anayesafiri ni nzuri sana. Kuitegemea peke yake ndiko kubaya. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ya Afrika Mashariki ilizorota. Faili la jirani unayegusana naye bega lisipite kwanza ng'ambo ya bahari.

Ya mwisho: diski iliyochomekwa kwenye rauta. Rauta nyingi za zamani hujua SMB1 tu, lugha ya kizamani ya kupitishana mafaili, na Windows iliacha kuiweka yenyewe tangu toleo la 1709 la mwaka 2017, mwaka ule ule virusi vya WannaCry vilipopenya kupitia humo. Kuirudisha ni kuacha mlango wazi ukalala. Flashi ya kupitishana sikuiweka hata kwenye orodha.

Sasa kitu ambacho ningenunua kabla ya hivyo vyote: kebo, swichi ya gigabiti (kisanduku cha kuunganisha kebo zote) na UPS, betri ya kushikilia mashine stima ikikatika. Nyumba zetu za mawe ya matumbawe zina kuta nene ambazo waifai haipenyi. Chumba cha pili tu, imeshazimia. Pitisha kebo kando ya ngazi au juu ya milango, usitoboe ukuta wa kale hovyo, huu ni mji wa urithi wa dunia tangu 2001. Swichi ya zamani ya megabiti 100 hupitisha kama megabaiti 11 kwa sekunde, kwa hiyo video za gigabaiti 20 zitakuchukua karibu nusu saa. Ya gigabiti inazimaliza kwa dakika tatu au nne, diski zikiwa nzima. UPS nayo iwe na tundu la USB la kuzungumza na NAS, ili stima ikikatika, betri ikielekea kuisha, NAS ijizime yenyewe kwa utaratibu.

Usiweke boksi dirishani upande wa bahari. Kusi ikivuma, chumvi huingia kwenye feni na matundu ya kebo, nimekuta pini zimeota kijani.

Na mzigo ukifika Mokowe, gatini upande wa bara, usiruhusu diski zitupwe chini ya boti pamoja na magunia. Zipakate mpaka Amu, yaani Lamu. Zikifika, zijaribu siku hiyo hiyo, risiti ikiwa bado mfukoni.