Vikao vya maoni ya bajeti ya kaunti: nyota tatu, kutoka kwa mtu wa ndani

Naona watu wanapatia nyota hoteli, sacco, mpaka wauza mbegu, lakini hii huduma tunailipia wote na hakuna mtu huipima. Naongelea vile vikao vya maoni ya wananchi ambavyo kaunti huita kabla ipitishe mipango na bajeti. Mimi natoa tatu kati ya tano. Na niseme mapema, mimi si mteja, mimi ndio yule msimamizi wa wodi (hiki kipande kidogo cha kaunti) husimama mbele na maiki inakatika katika, kaunti ni ya mashambani na sitaitaja juu mshahara bado nauhitaji.

Kuingia ni bure. Ni haki yako, iko kwa Katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 10, na cha 196 kinalazimisha bunge la kaunti lishirikishe watu. Na korti haichezi na hii maneno, mwaka wa 2014 Mahakama Kuu ilifuta sheria yote ya fedha ya Kiambu ya 2013 kwa sababu ya ushirikishwaji duni, ada na ushuru zote zikawa hazina mguu wa kusimamia. Tangu hapo kila kaunti inajua ukiruka kikao unaweza kuumia. Lakini nikisema ukweli, wengi wetu ofisini tulichojifunza hapo ni kuogopa korti, ndio maana siku ya kikao utaona karatasi ya sahihi inakimbizwa kuliko maoni yenyewe, jina, kitambulisho, simu, picha mbili tatu za watu wamekaa, basi, ushahidi umepatikana.

Sasa hiki ndicho kitu watu hawaambiwi. Vikao ni vingi kwa mwaka na havina uzito sawa. Kile hujaa ni cha Aprili au Mei, cha makadirio ya bajeti, juu redio imetangaza na kila mtu anajua bajeti inapita Juni. Ukifika hapo simiti imeshakauka. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inasema mpango wa maendeleo wa mwaka ufike bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, waraka wa mikakati ya fedha kufikia 28 Februari (huo ndio hufungia kila idara kiwango chake), makadirio kufikia 30 Aprili, na bajeti iwe imepitishwa kufikia 30 Juni. Kwa hivyo wewe mama ukisimama Mei ukiniomba zahanati mimi nitaandika, nitasema asante sana mama, lakini najua kwa mpango wa mwaka haiko, kwa ule wa miaka mitano 2023 hadi 2027 pengine pia haiko, na idara ya afya kiwango chake kilifungwa kitambo, MCA (mwakilishi wa wodi kwa bunge la kaunti) akitaka kukuwekea lazima atoe kwa mtu mwingine na huyo mtu mwingine ako na MCA wake pia.

Kikao chenye nguvu ni cha Agosti, cha mpango wa mwaka, na ndicho huwa na viti vitupu. Wazee wa kijiji, wamama wachache wa chama, kijana amekuja kuuliza kama kuna kazi. Na hapo ndio tunapanga pesa za mwaka unaoanza Julai inayofuata! Watu kumi na tano wakikubaliana Agosti wanaweza kusukuma kisima kikaingia kwa mpango, watu mia tatu wakipiga kelele Mei wanapata soda.

Matangazo ni mabovu, hapo nimekata nyota nzima. Notisi inawekwa kwa gazeti la Nairobi ambalo huku linafika jioni kama limefika, na kwa tovuti ya kaunti ambayo siku zingine haifunguki. Stakabadhi yenyewe ni kurasa mia na zaidi, Kiingereza kigumu cha watu wa uchumi, na nakala zinazoletwa wodini hazitoshi hata safu ya mbele. Sheria ya serikali za kaunti ya 2012, kifungu cha 87, inasema mwananchi apate habari kwa wakati. Kwa wakati maana yake si asubuhi ya kikao, lakini mimi pia huipata hiyo asubuhi, nikianza kutafsiri nikiwa nimesimama.

Halafu wateja wenyewe wacha niwapime kidogo, msikasirike. Nusu ya maoni si ya kaunti. Unaniomba polisi posti, darasa la shule ya msingi, hati ya shamba, yote ni ya serikali kuu. Jedwali la Nne la Katiba limetupatia chekechea, zahanati na hospitali za kaunti, barabara za kaunti, maji, masoko, kilimo, leseni za pombe na vitu kama hivyo. Chifu si mtu wangu, NG-CDF, ule mfuko wa serikali kuu wa maendeleo ya eneo bunge, ni ya mbunge. Na bado mtu atasimama dakika kumi juu ya basari ya mbunge na nikimkata nakuwa mimi ndio nimezima sauti ya mwananchi.

Ladha mbaya zaidi ni ya baadaye. Kikao kikiisha maoni yanapanda makao makuu, yanachujwa na watu wa bajeti, yanaenda kwa kamati ya bunge, mengine yanafia njiani na hakuna mtu hurudi wodini kusema hii ilikufa kwa sababu fulani. Kalvati ambayo watu walipigia kura inaweza kugeuka lango la uwanja na sababu sijui kama wewe usivyojua. Lakini mwenye kukutana na swali sokoni ni mimi, "Admini, kalvati yetu mlipeleka wapi?" Mheshimiwa ako Nairobi kwa warsha. Hata mradi ukiingia kwa bajeti bado si wako, pesa kutoka serikali kuu zinaweza kuchelewa miezi, kontrakta wa mwaka jana anadai, na ripoti za Msimamizi wa Bajeti, ile ofisi ya kitaifa hufuata matumizi ya pesa za umma, zinaonyesha kila mara kaunti nyingi kwa matumizi halisi hazifikishi ile asilimia 30 ya bajeti inayofaa kwenda kwa maendeleo.

Mbona basi tatu na si moja? Juu nimeona inaweza kufanya kazi. Makueni walianzia kijijini, kutoka kijiji inapanda kundi la vijiji, inafika wodi, kaunti ndogo, mpaka kaunti yote, na kila ngazi inachagua watu wa kubeba maneno yake na kamati za kuchunga mradi. Hiyo inakula muda na pesa, na wakubwa wengine hawataipenda kabisa juu inawatoa nguvu mkononi. Huku kwetu mabadiliko madogo tu yamesaidia, kubandika ukutani pale sokoni orodha ya miradi ya mwaka uliopita, imefika wapi, imelipwa ngapi. Bila hiyo karatasi kikao ni matusi saa mbili. Ikiwa pale watu wanakuja wameshajua wanauliza nini, na mimi pia nasikizika.

Ukitaka kuitumia hii huduma vizuri, kuja Agosti. Kuja na watu wa kijiji chako mkiwa na kitu kimoja, si kumi, na kama ni ujenzi mjue kiwanja ni cha umma, juu miradi mingi huku inakufa kwa kukosa ardhi na lawama inaenda kwa gavana. Maoni yaandikwe, hata kwa karatasi ya daftari na Kiswahili, nakala mbili, moja ipigwe muhuri ofisi ya wodi ubaki nayo. Mdomo tu mimi siwezi kuutetea kule juu. Mwenye karatasi ya muhuri anaweza kwenda mpaka kwa karani wa bunge la kaunti akauliza maoni yake yalijibiwa ukurasa gani, na huyo ndiye mtu wanamwogopa.